Umri wa giaboksi ya mtambo wa upepo hausomwi kwenye kalenda

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365 ya upepo ya aina moja. Ni Vestas V52 kutoka Denmark, kila mmoja wa kilowati 850, na yote kwa pamoja inafikisha megawati 310. Iliingilia bandari ya Mombasa, ikasafirishwa hadi Loiyangalani, na mwaka 2018 ikaanza kulisha gridi ya taifa ya Kenya. Kwenye karatasi ni mitambo ya rika moja. Ndani ya vyuma vyake hesabu ni nyingine kabisa. Mitambo miwili iliyowashwa siku moja, iliyosimama umbali wa dakika chache kwa miguu, baada ya miaka kadhaa inaweza kuwa na uchakavu unaotofautiana mno, na tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwenye tarehe ya kuzinduliwa.

Sehemu inayonihangaisha zaidi ni giaboksi, sanduku la gia lililo kati ya jenereta na mapanga yanayozungushwa na upepo. Panga likipata ufa, fundi anaweza kuuona kwa darubini akiwa chini. Jenereta ikiharibika, umeme unakatika na kila mtu anajua. Giaboksi huumia polepole, gizani, ndani ya mafuta, mita 44 juu ya ardhi kwa mitambo ya Turkana. Ikifika wakati wa kupiga kelele, kwa kawaida imeshachelewa: inabidi iteremshwe kwa kreni kubwa, na kreni ya namna hiyo haipatikani njiani Laisamis, mji ambako barabara ya kwenda kwenye mradi inaanzia. Ndiyo maana swali la kujua giaboksi imebaki na uhai kiasi gani, kabla haijaanza kulalamika, ni swali la fedha nyingi na la umeme wa watu wengi. Jibu lake linaanza kwenye kupima mizigo inayopita katika meno ya gia.

Kwanza, kwa nini giaboksi ipo? Mapanga ya V52 yakiwa kwenye kasi yake ya kawaida huzunguka mara 26 kwa dakika. Jenereta inayozalisha umeme inataka kuzunguka takriban mara 1,600 kwa dakika. Giaboksi inasimama katikati na kuzidisha mzunguko karibu mara 62. Wapo watengenezaji walioamua kuachana nayo na kutumia jenereta pana inayozungushwa moja kwa moja na mapanga. Enercon ya Ujerumani ndiyo iliyojulikana zaidi kwa njia hiyo. Lakini sehemu kubwa ya mitambo inayozunguka duniani leo, ikiwemo ya Turkana na ile ya KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, kwenye vilima vya Ngong, ina gia.

Kinachopita ndani ya giaboksi ni nguvu ya kusokota, ambayo hapa chini nitaiita msokoto. Kilowati 850 kwenye ekseli inayozunguka mara 26 kwa dakika ni msokoto wa takriban kilonewton-mita 310. Ili kuupata kwa uzito, fikiria tani 32 zimening'inizwa kwenye ncha ya wenzo wa mita moja uliochomekwa kwenye ekseli. Upande wa pili wa giaboksi, nguvu ileile ikiwa kwenye kasi kubwa, msokoto umeshuka hadi kama kilonewton-mita 5. Kwa hiyo upande wa mapanga una mzigo mkubwa na mwendo wa taratibu, na upande wa jenereta una mzigo mdogo na mwendo wa kasi sana. Kila upande unachakaa kwa namna yake.

Upande wa mapanga, mzigo hugawanywa. Katika hatua ya kwanza ya giaboksi nyingi za upepo kuna gia za sayari, kwa kawaida tatu, zinazozunguka gia moja ya katikati huku meno yake ya nje yakitembea ndani ya gia kubwa ya pete. Wazo ni kwamba badala ya jino moja kubeba tani zote, sayari tatu zinabeba kila moja theluthi. Baada ya hapo zinafuata hatua nyingine za gia zilizopangwa sambamba, kila moja ikiongeza kasi, hadi kwenye ekseli ya jenereta.

Jino la gia linapokutana na jino lingine, eneo linalogusana ni mstari mwembamba. Mzigo wote unapita hapo. Kinachozuia chuma kukwaruza chuma ni utando wa mafuta ambao unene wake mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Joto la mchana likipanda, mafuta yanakuwa mepesi na utando unapungua. Vumbi au maji yakiingia, utando unapasuka. Hata mafuta yakiwa safi, shinikizo linaloenda na kurudi mamilioni ya mara huchosha chuma chenyewe. Kwanza hutokea vidoa vya kijivu visivyoonekana bila kukuza. Kisha vipande vidogo vinabanduka na kuacha mashimo usoni mwa jino. Mzigo ukiwa mkubwa zaidi, ufa unaweza kuanzia kwenye shina la jino na likang'oka lote.

Beringi zinazoshika ekseli ndani ya giaboksi zinapitia mateso hayohayo, na kwa kweli ndizo zinazoongoza kwa kuharibika. Maabara ya taifa ya Marekani ya nishati jadidifu, iliyojulikana wakati huo kama NREL, ilikusanya taarifa za giaboksi zilizoharibika kwenye mashamba ya upepo na kukuta kwamba takriban robo tatu ya kasoro zilikuwa za beringi, hasa zile za upande wa kasi. Meno ya gia yalikuwa na sehemu ndogo zaidi. Kwa hiyo anayesema anafuatilia mizigo ya gia na kuziacha beringi anafuatilia nusu ya jambo, tena ile nusu ndogo.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote hayaeleweki.

Katikati ya karne ya 19, mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa zilizokuwa zikivunjika chini ya mizigo ambayo zilipaswa kuibeba bila shida. Aligundua kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo mdogo kuliko nguvu yake, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Mzigo ukipungua, idadi ya marudio kinayostahimili inaongezeka, tena kwa kasi kubwa. Mwaka 1924 Arvid Palmgren wa Sweden, akishughulika na beringi, alipendekeza njia ya kujumlisha mizigo ya aina mbalimbali, na mwaka 1945 Milton Miner wa Marekani akaieneza kwa vyuma vya ndege. Kanuni yao ni rahisi: kila mzunguko chini ya mzigo fulani unakula sehemu ndogo ya uhai wa chuma. Kama chuma kinastahimili mizunguko milioni 10 kwa mzigo huo, basi kila mzunguko umekula moja ya milioni 10. Jumlisha sehemu zote, kwa mizigo yote. Jumla ikikaribia moja, uhai umekwisha.

Uzito wa kanuni hii uko kwenye jinsi uhai unavyopungua mzigo unapoongezeka. Kwa beringi za roli, yaani zenye magurudumu marefu ndani yake, uharibifu unakua kwa kipeo cha 10 kugawanya kwa 3, kama 3.3. Maana yake, ukiongeza mzigo kwa asilimia 10 tu, uhai unashuka hadi asilimia 73 ya ule wa awali. Ukiongeza asilimia 20, unabaki na asilimia 54. Kwa uso wa meno ya gia yaliyotiwa ugumu kiwandani hali ni kali zaidi, maana kipeo kinachotumika kwenye hesabu ni kama 6.6 kwa msokoto. Asilimia 10 ya ziada karibu inaongeza uharibifu maradufu. Ukigeuza upande wa pili, saa moja ya kazi kwa mzigo kamili inakula meno sawa na karibu saa 100 za kazi kwa nusu ya mzigo.

Hapo ndipo kalenda inapopoteza maana. Anayenunua lori kuukuu haishii kuuliza mwaka lilipoundwa. Anauliza lilikuwa linabeba nini na linapita wapi. Lori lililosomba kokoto na lori lililosomba magodoro, hata yakiwa na mwaka mmoja na kilomita zilezile, hayauzwi bei moja. Kwa giaboksi ya upepo tofauti ni kubwa kuliko kwa lori, kwa sababu vipeo hivyo havisamehi.

Kuna jambo moja la kuhesabu ambalo hata wahandisi wa mapanga na minara hulichanganya wanapohamia kwenye gia. Mnara na mapanga huhesabiwa kwa mawimbi ya mzigo: upepo umepanda, umeshuka, hilo ni wimbi moja. Kwa jino la gia, hata upepo ukiwa umetulia kabisa, jino linabebeshwa na kuachiliwa kila gia inapozunguka. Ekseli ya kasi ikizunguka mara 1,600 kwa dakika kwa saa 4,000 tu za mwaka, kila jino lake limebebeshwa mara milioni 384 ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo kinachohitajika ni kujua gia ilizunguka mara ngapi ikiwa kwenye kila kiwango cha msokoto: mara ngapi kwenye asilimia 20, mara ngapi kwenye 50, mara ngapi kwenye 100, na mara ngapi juu ya hapo. Jedwali hilo, likitunzwa tangu siku ya kwanza, ndiyo historia ya maisha ya giaboksi. Mtengenezaji alibuni giaboksi kwa kukisia jedwali hilo kwa miaka 20. Kufuatilia mizigo ni kuandika jedwali la kweli na kulilinganisha na lile la makisio.

Msokoto wenyewe unapimwaje? Njia ya moja kwa moja ni kubandika vihisi vyembamba kwenye ekseli kuu, vikiwa vimelazwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa sababu chuma kinaposokotwa huvutika zaidi upande huo. Ekseli ikijisokota kwa kiasi kisichoonekana na jicho, waya ndani ya kihisi unavutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo linatafsiriwa kuwa msokoto. Ni njia sahihi na ninaiamini kwa majaribio ya miezi michache. Kwa miaka 20 ni shida. Gundi inachoka, vipimo vinahama polepole kutoka kwenye sifuri yake, na kwa kuwa ekseli inazunguka, taarifa lazima zirushwe bila waya au zipitishwe kwenye pete za mgusano ambazo nazo zinalika. Kufanya hivyo kwa mitambo 365 ni kuajiri kikosi cha kubandika vihisi upya bila kikomo.

Watafiti wa Ulaya wamekuwa wakijaribu njia nyingine ambayo naiona ina akili sana: kuacha ekseli na kubandika vihisi vya nyuzi za mwanga kwenye uso wa nje wa gia ya pete, ambayo haizunguki. Kila sayari inapopita ndani, pete inavimba kidogo mahali hapo. Ukubwa wa uvimbe unaonyesha mzigo wa sayari hiyo. Ukiwa na vihisi kuzunguka pete nzima, hupati msokoto wa jumla tu. Unapata pia kama sayari zinagawana mzigo sawasawa au moja inabeba zaidi ya wenzake.

Njia ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwa kila mwenye mtambo, na haihitaji kihisi kipya. Mtambo tayari unapima umeme unaotoa na kasi ya jenereta. Gawanya nguvu kwa kasi, rekebisha upotevu unaotokea njiani, umepata msokoto. Inabidi pia kuongeza sehemu inayotumika kuharakisha au kupunguza mwendo wa vyuma vizito vinavyozunguka, vinginevyo utakosea kila upepo unapovuma kwa ghafla. Kwa kazi ya kawaida, hesabu hii inatosha kabisa.

Shida ni namna taarifa zinavyohifadhiwa. Mfumo wa SCADA, yaani ule wa kompyuta unaosimamia mitambo na kutunza vipimo vyake, katika mashamba mengi ya upepo huweka wastani wa kila dakika 10. Kwa kuuza umeme hiyo inatosha. Kwa kukadiria uchakavu, wastani unaficha kile hasa tunachokitafuta. Chukua dakika 10 ambazo msokoto ulitulia kwenye asilimia 80. Kisha chukua dakika 10 nyingine ambazo nusu yake ulikuwa asilimia 50 na nusu nyingine ukaruka hadi asilimia 110. Kwenye kumbukumbu za SCADA vipindi hivyo viwili ni mapacha, vyote vimeandikwa asilimia 80. Ukipiga hesabu kwa kipeo cha 6.6, kipindi cha pili kimeyala meno mara nne ya kile cha kwanza. Kwa beringi ni mara moja na nusu. Hakuna ujanja wa programu, hata ule unaojiita akili unde, unaoweza kurudisha taarifa ambayo wastani umeshaifuta. Ndiyo maana napendekeza kila shamba jipya la upepo lihifadhi angalau jedwali la mizunguko na viwango vya msokoto, likijazwa ndani ya mtambo wenyewe kutokana na vipimo vya kila sehemu ya sekunde. Jedwali la namna hiyo ni dogo kuliko picha moja ya simu. Gharama si kisingizio.

Vipimo vya haraka vinahitajika zaidi kwa matukio mafupi. Mtambo unaposimamishwa kwa dharura, mapanga yanageuzwa haraka ili yaache kushika upepo, na mitambo mingi inakanyaga pia breki iliyo upande wa kasi wa giaboksi. Msokoto unashuka, unavuka sifuri, unageuka upande wa pili, unarudi. Kati ya meno ya gia kuna uwazi mdogo uliowekwa makusudi. Msokoto ukigeuka, meno yanaachana na kupigana kwa mgongo. Magurudumu ya beringi yaliyokuwa yamebanwa upande mmoja yanalegea, yanateleza, kisha yanabanwa ghafla upande wa pili. Tukio zima ni la sekunde chache, na kwenye wastani wa dakika 10 linaonekana kama kupungua kwa uzalishaji tu.

Kinachosimamisha mitambo namna hiyo mara nyingi si upepo, ni gridi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote iliingia gizani, na megawati za Turkana zilitoka kwenye gridi katika tukio hilohilo. Mjadala wa umma ulikuwa juu ya nani alianza, laini au mitambo. Mimi niliwaza giaboksi. Kila gridi inapoanguka, mamia ya giaboksi hupata mtikisiko kwa wakati mmoja, na mtikisiko huo unapaswa kuandikwa kwenye historia ya kila moja. Gridi yenye kuyumba inachakaza vyuma vilivyo mamia ya kilomita kutoka mahali ilipoyumba. Hilo huwa halihesabiwi kwenye gharama ya kukatika kwa umeme, na linastahili kuhesabiwa.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba mzigo mdogo ni raha. Sivyo kila mara. Beringi za magurudumu zinahitaji kubanwa kiasi fulani ili magurudumu yabiringike. Mzigo ukiwa mdogo mno huku kasi ikiwa kubwa, magurudumu yanateleza badala ya kubiringika na kukwaruza njia yake. Hali hiyo inaweza kutokea mtambo unapopunguzwa uzalishaji kwa amri ya gridi wakati upepo upo. Turkana upepo huwa mkali usiku, saa ambazo Wakenya wengi wamelala na umeme unaohitajika ni mdogo, kwa hiyo amri hizo si jambo la nadra.

Kusimama kabisa nako kuna madhara yake. Mitambo ya Turkana ilikuwa imeshasimikwa mwaka 2017, lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 430 hadi Suswa ikakamilika Septemba 2018. Mtambo uliosimama bila gridi bado unatikiswa na upepo. Beringi isiyozunguka ikitikiswa kidogokidogo mahali palepale, mafuta yanasukumwa nje ya mgusano na chuma kinaanza kuacha alama. Ndiyo sababu miongozo ya matunzo inataka mitambo iliyosubiri iachwe izunguke polepole, mafuta yaendelee kutembea. Anayeandika historia ya mizigo anapaswa kuanza kuandika siku mtambo uliposimikwa, si siku Rais alipokata utepe.

Turudi kwenye swali la mitambo miwili ya rika moja. Upepo ukishapita kwenye mapanga ya safu ya mbele, unatoka ukiwa dhaifu na umevurugika. Mtambo wa nyuma unapata upepo mdogo kwa wastani, wenye mivumo na mapengo mengi. Wa mbele anabeba msokoto mkubwa ulio tulivu, wa nyuma anabeba mdogo unaorukaruka, na nani anachakaa haraka inategemea nafasi na mwelekeo wa upepo. Turkana upepo hutoka upande wa kusini-mashariki karibu mwaka mzima, kwa sababu unapenyezwa kwenye bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya. Maana yake safu ya mbele ni ya mbele daima. Mahali ambapo upepo huzunguka pande zote, mitambo hupokezana taabu, pale haipokezani. Ngong hali ni tofauti, mitambo ipo juu ya migongo ya vilima, na ardhi yenyewe ndiyo inayouvuruga upepo.

Msokoto nao haumalizi habari. Mapanga na kitovu chake ni vizito na vinaning'inia mbele ya mnara, na upepo unasukuma panga la juu kwa nguvu kuliko la chini. Yote haya yanaikunja ekseli kuu, na mkunjo huo unaweza kuingia ndani ya giaboksi ambayo haikuundwa kuubeba. Ushahidi bora ninaoujua ulitoka kwenye mradi ulioanzishwa na NREL mwaka 2007 kuhusu uimara wa giaboksi. Walichukua giaboksi mbili za kilowati 750, wakazijaza vihisi ndani kabisa, hadi kwenye beringi za sayari. Moja ilipimwa maabara, nyingine ikapandishwa kwenye mtambo katika shamba la Ponnequin, jimbo la Colorado. Vipimo vilionyesha kwamba uzito wa mapanga na uwazi wa beringi vilikuwa vikizipindisha sayari kiasi kwamba mzigo haukugawanyika kama michoro ilivyoahidi. Theluthi tatu zilizo sawa zilikuwa za kwenye karatasi. Baadaye ikatengenezwa giaboksi ya tatu yenye beringi zilizobanwa tangu mwanzo ili zisiache uwazi, na uhai wa sehemu ya sayari kwa hesabu ukaongezeka zaidi ya mara tatu.

Ile ya Ponnequin ilipoteza mafuta ikiwa kazini na meno yake yakaungua. Badala ya kuitupa, watafiti waliifanya mtihani: wakaizungusha maabara, wakarekodi mitetemo yake, na kuwapa wachambuzi mbalimbali wakisie ni nini kimeharibika kabla haijafunguliwa. Kasoro nyingi za upande wa kasi zilitambuliwa. Zile za sayari, zinazozunguka taratibu na kutoa mtetemo dhaifu, ziliwasumbua.

Tokeo hilo linaonyesha vizuri mgawanyo wa kazi. Mitetemo, chembe za chuma kwenye mafuta na joto la beringi vinaeleza uharibifu ulioanza. Historia ya mizigo inaeleza uharibifu unaokuja. Inaweza kusema kwamba mtambo fulani umeshatumia asilimia 60 ya uhai wa beringi za sayari, wakati mtetemo bado hauonyeshi chochote. Lakini haiwezi kutaja siku. Uhai wa beringi unaoandikwa kwenye katalogi ni ule ambao beringi moja kati ya kumi itakuwa imeshaharibika kabla ya kuufikia. Kwa mwenye mtambo mmoja hiyo ni bahati nasibu. Kwa mwenye mitambo 365 ni mpango wa kazi, maana anaweza kutegemea kwamba kama 36 hivi itatangulia, na historia ya mizigo itamwonyesha aanzie wapi kutafuta. Aina fulani za nyufa za beringi, zile zinazoanzia chini ya uso wa chuma na kuacha mabaka meupe chuma kinapokatwa na kutiwa asidi, huja mapema mno na hazifuati kanuni ya Palmgren na Miner kabisa. Kwa hizo, masikio kwenye mitetemo na macho kwenye mafuta bado ndiyo kinga.

Faida ya kujua mapema inaonekana kwenye safari. Beringi ya upande wa kasi mara nyingi inaweza kubadilishwa huko juu, kwa vifaa vinavyopandishwa na winchi ndogo ya mtambo wenyewe. Ikivunjika na kumwaga vipande vya chuma ndani ya mafuta, giaboksi nzima inateremshwa. Kutoka Laisamis hadi eneo la mradi ni kama kilomita 208, barabara ambayo ilibidi iboreshwe kwanza ili mitambo ipite, na hata ukubwa wa V52, mdogo kwa viwango vya leo, ulichaguliwa kwa kuzingatia njia na kreni. Orodha ya mitambo kumi iliyokula mizigo zaidi, ikijulikana mwaka mmoja kabla, inaruhusu kreni moja ifanye kazi kumi kwa safari moja, tena katika miezi ambayo upepo umepungua.

Kinachobaki ni nani anashika taarifa. Mikataba mingi ya matunzo humwachia mtengenezaji vipimo vya haraka, na mwenye shamba anabaki na wastani wa dakika 10. Hilo linaonekana dogo hadi mkataba unapoisha. Mitambo sita ya KenGen iliyozinduliwa Ngong mwaka 2009 itatimiza miaka 20 mwaka 2029. Ya Turkana itafika huko 2038. Wakati huo atakuja mkaguzi na kuuliza kama giaboksi zinaweza kuendelea kwa miaka mitano au kumi zaidi, na swali lake la kwanza litakuwa jedwali la misokoto tangu siku ya kusimikwa. Anayelitaka jedwali hilo mwaka 2038 inabidi aliandike kwenye mkataba wake sasa.